Mkwe Niliyemlaza kwa Mama Mkwe

Mimi ni mshonaji. Duka langu liko Rangwe, hatua chache kutoka barabara ya Homa Bay, na katika droo ya cherehani, mahali pa kuweka nyuzi na bobini, ndipo ninapoweka madaftari yangu ya hadithi za mapenzi. Mpaka leo nimejaza kumi na moja. Anayecheka na acheke, nguo yake itakuwa tayari wiki ijayo.

Kusoma nilianza kabla ya kuandika. Kulikuwa na muuza mitumba sokoni Migori aliyetandika vitabu juu ya gunia kando ya viatu. Kila nilipotoka nyumbani kwetu Ntimaru kwenda kununua vitambaa, nilirudi na vitabu viwili vitatu vya mapenzi vimefichwa ndani ya bitana. Nimesoma vya kila aina. Vya daktari na muuguzi nilivichoka mapema, kwa sababu katika hospitali ninazozijua mimi hakuna mwenye nafasi ya kumtazama mwenzake machoni. Vya tajiri mwenye hasira anayelainishwa na mapenzi vilinikera. Mwanamume mwenye hasira ninamjua, na halainiki. Vya wanyonya damu nilisoma kimoja tu, kwani mimi nimekua na mbu. Vya zamani, vyenye mikuki na ng'ombe walioibwa, hivyo nilivipenda mpaka nikachoma sketi ya mteja kwa pasi. Na vile vya wacha Mungu, ambavyo watu hushikana mikono kwa mara ya kwanza ukurasa wa mia mbili, nilidhani vitanipa usingizi. Kumbe ndivyo vilivyonitesa kuliko vyote, kwa kule kungoja.

Msomaji wangu wa kwanza, na mkali kuliko wote, ni rafiki yangu muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Ni mzaliwa wa Sori, mjane wa miaka hamsini na kitu, na meza yake iko hapa soko la Rangwe. Mimi Mkuria, yeye Mjaluo, kwa hiyo urafiki wetu wote uko ndani ya Kiswahili, na tukigombana tunagombana humo humo. Ni Msabato kamili. Ijumaa jua likikaribia kuzama ananirudishia daftari, hata kama bwana harusi ametoroka ukurasa uliotangulia.

"Hao watangoja mpaka kesho jioni," huniambia. "Mungu kwanza."

Siku moja alinitupia daftari juu ya kitambaa nilichokuwa nakata, akaketi.

"Hawa wasichana wako wote wana miaka ishirini na mbili," akasema. "Kwani sisi wengine tulikufa?"

Nilijua swali linatoka wapi. Kulikuwa na mzee mmoja wa Migori, mgane, mwenye mashine ya kusaga unga. Walikuwa wamekutana kwenye mikutano ya kanisa, na kwa mwaka mzima alikuwa akimwomba waoane, kwa adabu, bila haraka. Rafiki yangu alimpenda. Aliniambia hivyo waziwazi, mikono yake ikinuka samaki, na uso wake ukawa wa msichana. Lakini ana mtoto mmoja tu, binti, mwalimu wa shule ya msingi mjini Homa Bay, na huyo binti alikuwa amekataa katakata. Alimwambia mamake hivi: "Ukienda kwa huyo mzee, ujue umenizika pamoja na baba."

"Bila yeye siendi," rafiki yangu akaniambia. "Nitakaa hivi hivi mpaka nife, lakini mtoto wangu simpotezi."

Basi nikaanza hadithi ya mjane wa miaka hamsini na mbili, anayeishi peke yake kando ya ziwa, na mzee mpole anayekuja kumtengenezea paa. Hatukuambiana ni ya nini. Ila wote wawili tulijua kwamba shule zikifungwa, binti atakuja Rangwe na atalikuta daftari mezani. Anapenda kusoma kama mamake.

Niliandika vizuri, nasema ukweli wangu. Rafiki yangu aliisoma sura ya tano akafuta machozi kwa leso ile ile ya kufungia chenji. Alinisifu sokoni mbele za watu. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nililitia maji sura ya tisa.

Vitabu vya mapenzi vina sheria yao. Mvua kubwa ikinyesha, mto unafurika, na watu wawili wanajikuta chini ya paa moja hadi asubuhi. Kila msomaji anaingoja hiyo mvua. Nami niliinyesha. Lakini nilipofika mahali pa kumwingiza yule mzee ndani ya nyumba ya mjane, nikaogopa. Ni watu wa kanisa, hawajafunga ndoa, na wasomaji wangu nusu yao ni kina mama wa kwaya. Kwa hiyo nikamwingiza mtu mwingine. Nikamleta mkwe, mume wa binti wa yule mjane, amelowa chepechepe, akileta habari kwamba mkewe amejifungua salama hospitalini. Mto ukafurika nyuma yake. Mama mkwe akamkausha, akampa uji, akamlaza kitandani mwake na kumfunika blanketi, yeye akajinyoosha kwenye mkeka pale pale. Niliona ni sura tamu kweli.

Kwetu Ukuria mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Kwa Wajaluo ni hivyo hivyo, mkwe halali kwenye nyumba ya mama mkwe, acha kitanda. Hili nalijua tangu nikiwa mtoto. Lakini nilikuwa nimesoma mvua nyingi mno za watu wengine.

Rafiki yangu alikuwa ameenda Sori kuchukua mzigo wa omena, hakuipitia sura hiyo, nami nikaliacha daftari mezani nyumbani kwake. Shule zikafungwa. Binti akaja.

Alinijia dukani siku ya pili, kabla sijafungua madirisha yote. Ni mrefu, anasimama kama yuko mbele ya darasa. Alilifungua daftari sura ya tisa na kuliweka juu ya cherehani.

"Shikamoo, mama. Huyu mkwe amelala wapi?"

Nikaisoma. Nikafika mstari wa blanketi. Nilitamani ardhi inimeze na cherehani juu.

"Kitanda cha mama mkwe," akasema. "Ati na blanketi. Mama, hiyo ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Huyu mtoto aliyezaliwa hospitalini atakonda mpaka aishe, na watu watajua ni kwa nini. Hadithi nzima nilikuwa naiamini. Nilikuwa namwona huyo mama. Sasa hata yule mzee wake simwamini tena, maana mwandishi mwenyewe hajui watu wake wanaishi namna gani."

Alisema kweli, na iliniuma. Si kwa sababu ya sifa zangu. Nilimwona rafiki yangu huko Sori akipima omena bila habari, na mimi nimemharibia kwa kalamu yangu. Nilitaka kumwomba msamaha binti huyu nikashindwa, nikakasirika badala yake, kama kawaida yangu.

"Wewe ni mwalimu," nikamwambia. "Sahihisha basi. Mvua inanyesha, mto umefurika, jirani hakuna, mkwe yuko mlangoni. Utamweka wapi?"

Alivuta kiti cha wateja akaketi. Nilidhani ataondoka, kumbe aliichukulia kazi hiyo kama mtihani.

"Hana boma la shemeji hapo karibu?"

"Huyo mama hana mtoto wa kiume. Ana binti mmoja tu."

Akanitazama kidogo, halafu akaendelea. "Basi mkwe aingie sebuleni, akae kwenye kiti. Akeshe. Asilale hata kidogo. Akikaa macho, hajalala kwa mama mkwe."

"Na mama?"

"Mama atoke. Aende nyumba ya jiko, aufunge mlango."

Nikaandika. Yeye anasema, mimi naandika, na nje soko lilikuwa limeanza kelele zake.

"Huko jikoni kuna moto?" nikauliza.

"Kuni zimelowa. Wewe mwenyewe uliandika paa la jiko linavuja, na mzee hajamaliza kulitengeneza."

"Kwa hiyo yuko gizani."

"Yuko gizani."

"Amekaa na nani?"

"Atakaa na nani?" akasema. "Baba alishakufa. Mimi niko hospitali na mtoto."

Niliinua macho. Sijui kama alisikia alichokisema. Alikuwa akiliangalia lile daftari, kidole chake kwenye neno jikoni, na hakukiondoa. Mteja akaja kuuliza sare ya mtoto wake, nikamwambia arudi baadaye. Binti hakugeuka. Nilimwacha. Mimi ni mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo Mungu alinifunga mdomo, na ninamshukuru mpaka leo.

Baada ya muda akafungua mkoba wake, akatoa kalamu nyekundu ya kusahihishia. Akalivuta daftari upande wake. Akakata mstari wangu wa mwisho, ule wa mama gizani, akaandika juu yake polepole, kwa ule mwandiko wa ubaoni ambao kila herufi inasimama wima. Niliinama kusoma.

Aliandika: Yule mzee alikuwa jikoni tayari. Alikuwa amekuja na kuni kavu ndani ya koti lake, amewasha moto, na amemwekea mama kiti upande usiovuja.

"Kina mama wa kwaya watasema," nikamwambia.

"Waseme. Moto unawaka, mlango uko wazi, wanaongea tu."

"Si ulisema aufunge?"

"Nimebadilisha."

Alifunika kalamu, akafunga daftari, akalipangusa vumbi la chaki na kunipa kwa mikono miwili.

"Mama atarudi kutoka Sori saa ngapi?"

"Mchana huu."

"Basi mpe wewe. Usimwambie neno," akasema, na kusimama. "Mwandiko wangu anaujua."