Kiti cha Shangazi

Chuo chetu hakitoi alama kwa kazi inayoishia karakana. Lazima mtu wa mtaani aitumie, kisha aseme kasoro zake mbele ya mhadhiri. Mimi, kwa ujanja wangu, kiti nilichotengeneza nilimpelekea shangazi, fundi cherehani, maana huyo tangu nizaliwe hajawahi kuniangusha.

Mhadhiri alipokuja, shangazi alikimwagia kiti sifa mpaka nikaona haya. Akaombwa ashone sketi nzima akiwa amekikalia. Alianza vizuri, lakini alipofika kwenye pindo alikuwa amekaa upande, jasho linamtoka, na bado anatabasamu.

“Mama, hujamsaidia huyu,” mhadhiri akasema, akaondoka bila kunipa alama.

“Shangazi, kinakuumiza?”

“Kinaniua mgongo, mwanangu. Lakini ningekuaibishaje mbele ya mgeni?”

“Niaibishe basi, nihitimu!”

Akaniaibisha mpaka chai ikapoa: miguu mirefu, egemeo limelala mno, ukingo unamkata mapaja. Nikarekebisha vyote. Mhadhiri aliporudi, alimkuta amekaa wima, anashona kwa kasi, ananisema bila kupumua kuhusu rangi ya kiti.

Nikafaulu. Ila shangazi ameshaonja utamu wa kusema kweli, na jana alianza na nywele zangu.