Kidole cha Taib

Siku ile watu mia tatu walimcheka mtoto mmoja kwa sababu ya kidole chake.

Kicheko hakikujianzia. Nilikianzisha mimi.

Nimekaa na jambo hili miaka thelathini, leo nalitoa. Anayetaka kunitukana, nafasi iko hapo chini.

Ilikuwa Agosti 1994, uwanja wa Tononoka. Kulikuwa na tamasha la kusoma la watoto wa shule. Mahema mawili, meza za vitabu, kipaza sauti kinachokwaruza, na akina mama wanakaanga viazi karai nje ya ukuta.

Mambo mengine yalikuwa ya kufurahisha watoto tu. Shindano la kusoma halikuwa mchezo. Mfadhili mmoja aliahidi kumlipia mshindi shule ya upili, miaka yote minne. Wa pili apewe kamusi.

Mimi na Taib tuliingia tano bora.

Taib alikuwa rafiki yangu. Mtaa mmoja, Mji wa Kale. Darasa moja, la nane. Chuo kimoja cha Kurani. Babake alishafariki, mamake Bi Mwanakuu alikuwa akishona kofia, na ami yake alikuwa fundi wa mabati pale Makadara. Huyo ami alimwambia mbele yangu:

"Ukilikosa hilo shindano, Januari waingia karakana. Mimi sina shule ya kukupeleka."

"Naam, ami," Taib akasema.

Kwetu nako hakukuwa kuzuri. Baba hamali bandarini, watoto tisa. Shule yangu ilikuwa inaishia mwaka ule, na kila mtu nyumbani alijua.

Utaratibu ulikuwa hivi. Wiki mbili kabla, kila mtoto alipewa kijitabu cha hadithi ya punda aliyegoma kubeba maji. Siku ya tamasha ungesoma ukurasa wa tano mbele ya watu. Basi kila jioni tukitoka chuoni tulikaa barazani kwa akina Taib tukaurudia ukurasa ule, mpaka mamake akawa anatuita punda.

"Haya, punda wangu, ingieni mle."

Siku yenyewe alikaa mstari wa mbele na bakuli la mahamri. Ya kutulisha sote wawili.

Taib aliitwa wa tatu. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi hadi inang'aa matakoni.

Akasoma.

Yakhe, alisoma. Punda alipogoma, watoto waliacha kutafuna. Bi Jacinta, yule mama wa maktaba aliyeandaa tamasha, aliweka kalamu chini akabaki kumsikiliza tu.

Nikajua shule imekwenda.

Ndipo nikatazama kidole chake.

Chuoni tulifundishwa kusoma kwa kidole, na Kurani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Taib macho yake yalikuwa mabovu, mistari ilikuwa ikimpandania. Kwa hivyo alikuwa akiweka kidole mwisho wa mstari, upande wa kulia, kama tulivyozoea chuoni, akikivuta taratibu kuja kushoto huku macho yakienda mbele. Kidole na macho vinapishana katikati. Bila kile kidole mstari ulikuwa ukimtoroka.

Nilikijua vizuri. Nilikuwa nimekitazama jioni kumi na nne.

Nikasimama, mikono nyuma, kwa adabu.

"Mwalimu," nikasema, "hebu tazama kidole. Chaenda kinyume. Huyu hasomi, amehifadhi tu."

Mwamuzi mkuu alikuwa Bwana Mutunga, mwalimu aliyetoka Machakos, mwaka wake wa kwanza pwani. Akainama juu ya kitabu. Alichokiona yeye ni mtoto anayefuata maneno kinyumenyume.

"Kijana, wewe unasoma au unaimba?"

Mtu mmoja akacheka. Kisha kumi.

Nusu ya watu wazima pale walisoma chuo. Walijua kile kidole kimetoka wapi, hata vyao vilianzia kulia. Lakini kicheko kikishaanza, nani asimame kueleza? Na wao wakacheka.

Bwana Mutunga akachukua gazeti mezani, akalishika mwenyewe mbele ya uso wa Taib.

"Soma hapa. Mikono nyuma."

"Mwalimu, naomba nitumie kidole."

Hapo ndipo watu walipokufa kwa kicheko. Mwanamume mmoja alikalia kiti kikavunjika, wakacheka upya.

Taib akajaribu. Akaanza mstari wa kwanza, akaangukia wa tatu, akarudi wa pili. Akasoma kwamba waziri amepokelewa na magunia arobaini ya mahindi yaliyooza. Watoto wakaanza kuimba, kidole, kidole, huku wakinyoosha vyao hewani, na wakubwa nao. Mia tatu.

Akashushwa jukwaani. Hakulia. Akaenda kusimama kando ya hema, akanitazama.

Kisha nikaitwa mimi.

Nilisoma ukurasa wa tano bila kukosa neno. Kidole kikatoka kushoto kwenda kulia kama reli. Penye nukta nikapumzika. Bwana Mutunga akasema, "Hivi ndivyo mtu anavyosoma."

Hakuna aliyenipa gazeti.

Nikapewa barua ya mfadhili. Nikamwona Bi Mwanakuu anakuja na bakuli lake, nikadhani atanizaba kofi.

"Haya, umeshinda," akasema. "Kula."

Nikala. Matatu.

Sasa niseme nililoficha tangu juu.

Mimi nilikuwa sijui kusoma.

Hata kidogo. Mtauliza nilifikaje darasa la nane. Tulikuwa sitini darasani, nikichora herufi za mwenzangu kama mtu anayechora nyumba. Na mwenzangu huyo alikuwa Taib. Jioni zile kumi na nne barazani, yeye alikuwa anasoma, mimi nahifadhi, kama nilivyofanya kwenye mchujo wa tano bora. Yeye ndiye aliyeniambia, "Wewe kidole chako kitoe kushoto, wasikujue."

Januari nikaenda shule ya bweni huko bara. Mwalimu wa kwanza alinisimamisha nisome ubao. Nilimaliza wiki saba, nikarudi nyumbani kuwa hamali kama baba. Miaka minne ya shule ikamwagika chini, hakuna aliyeinywa.

Taib akaingia karakana. Mtu asiyeona vizuri, amepewa mkasi wa bati. Mwaka wa tatu mkasi ukamkata kidole cha shahada cha mkono wa kulia.

Kilekile.

Jina halikumtoka. Hata baada ya kidole kwenda, mtaa mzima ulimwita Kidole, na wanawe wakaitwa wa Kidole.

Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na nne, darasa la watu wazima, nimekaa na mabibi vizee. Siku niliyomaliza kitabu cha kwanza nilikwenda kwa Taib moja kwa moja.

Nilimkuta kwenye baraza ileile, miwani usoni, anawasomea wazee gazeti. Kile kigutu kikifuata mstari, kutoka kulia.

Wazee walipoondoka nikamwambia, "Taib, niwie radhi."

"Kwa lipi?"

"Unalijua mwenyewe."

"Liseme."

Nikalisema lote. Kwamba nilikuwa sijui kusoma, na kwamba nilijua yeye anajua.

"Hilo si habari," akasema. "Mwalimu wako si mimi?"

"Mbona basi hukusema siku ile? Neno moja tu, tungekwisha sote."

Akalikunja gazeti mara mbili.

"Ningesema, wangechekwa wawili. Mmoja alitosha."

Machozi yakanilengalenga. Nikadhani ndiyo radhi yenyewe hiyo, nikainama nikae kando yake.

"Hapo usikae," akasema. "Hapo ulishakaa ukashiba."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Ni miaka kumi na moja sasa, na nikipita hunijibu salamu tu, kwa sababu salamu ni wajibu.

Funzo langu si kwamba vitabu ni vizuri. Hilo mtaambiwa na walimu.

Siku mkiona mtu amesimama kati ya watu kumwumbua mwenzake, msimtazame anayeumbuliwa. Chukueni gazeti mumpe aliyesimama.

Mwambieni asome yeye kwanza.