Vikombe Tisa vya Salaseini

Siku niliyomwona Salaseini kwa mara ya kwanza alikuwa amechuchumaa katika banda lake la shampuu pale mjini Savusavu, akikamua majani ya haibiskasi ndani ya ndoo, ute ukimtiririka hadi viwikoni kama wa bamia. Nilikuja kuomba kazi ya kuchota maji. Kwao milimani na kwetu kisiwani ni watani, kwa hiyo hata jina hakuniuliza.

"Ehe, mla kasa amefika! Ficheni sufuria!"

Nikatazama miguu yangu. Kazi nikapata.

Shampuu yake ilikuwa sabuni ya maji, ule ute, na vijiko viwili vya chumvi vya kuifanya iwe nzito. Mwaka wa ukame hoteli moja iliagiza chupa mia mbili. Zingeharibika, banda lingefungwa na wanawake sita wangerudi nyumbani. Tangi la mvua lilikuwa limekauka, nikaenda kisima cha ufukweni.

"Maji yakoje, mtani?"

Nikaonja. "Matamu."

Sufuria ya kwanza ikatoka nyepesi kama chai. Tukaongeza chumvi, ikazidi kuwa maji. Ndipo Salaseini akayaonja maji mwenyewe, akatema.

"Matamu? Wewe ulinyonyeshwa na papa?"

Kwetu maji yote ya kunywa yana ladha ile. Sikujua kwamba ni chumvi.

Hakunifukuza. Alipanga vikombe tisa, akachanganya sabuni na ute kwa maji ya mvua yaliyosalia kwenye birika, akatia chumvi: hiki punje chache, hiki zaidi kidogo. Akaviinamisha kimoja kimoja. Cha kwanza kilimwagika. Cha nne kikavuta uzi mrefu. Cha saba kikamwagika tena.

"Umeona? Chumvi kidogo inawashikanisha sabuni na ute. Ikizidi, wanaachana. Unajua sababu?"

"Sijui."

"Hata mimi. Lete maji yako ya papa."

Akayachanganya na sabuni na ute bila kuongeza chumvi hata punje. Yakavuta uzi.

Hoteli ilipokea chupa zote, ikamwomba afungue banda jingine katika kisiwa cha Taveuni. Akahamia huko. Mwaka jana alinipigia simu asubuhi moja. Juma lililofuata alifariki.

"Mtani, maji ya huku yana ladha ya chuma," alisema. "Sabuni inafanya vituko, sijapata kuona. Ngoja, usikate, nainamisha hiki... Lo! Kinagoma kabisa kumwagika!"