Hoteli Iliyojengwa upya kwa Uongo wa Mujomba

Niliondoka Kamina kwa sababu mama yangu alikuwa amechoka kusali. Ndugu yake, mujomba wangu Ntumba, alikuwa bado Elisabethville, mji ambao leo tunauita Lubumbashi, wakati watu wetu wa Kasai, Waluba, walikuwa wamekwisha kupakiwa katika malori na kufukuzwa karibu wote. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo. Ilikuwa na bendera, wimbo, stempu na mawaziri. Ilikosa tu nchi nyingine ya kuitambua.

"Enda umulete," mama aliniambia. "Akikatala, umulete hivyo hivyo."

Njiani treni ilisimama mara nyingi, na askari walipanda kutuuliza kabila zetu. Mwanamke aliyeketi mbele yangu alitaja kabila jipya kila mara, kufuatana na uso wa askari, na wote walimwamkia kama shangazi yao. Mimi nilijifunga kichwani kitambaa cheupe cha masista walionifundisha kushona. Askari hawakupenda kubishana na masista.

Elisabethville nilikwenda moja kwa moja katikati ya mji, kwenye hoteli kubwa alikofanya kazi mujomba. Mapigano ya askari wa Katanga na wale wa Umoja wa Mataifa yalikuwa yametoboa kuta zake na kuvunja vioo, na sasa mafundi walikuwa juu ya ngazi wakipiga lipu. Nilishuka chini, kwenye chumba cha kufulia alikosugua shuka maisha yake yote. Hakuwako. Nilimkuta juu, kwenye ukumbi wa kulia, ameketi katika kiti cha ngozi na kikombe cha kahawa mkononi. Mabwana watatu wenye tai walimsikiliza kama padri.

"Ukuta huu," alisema huku amefumba macho, "ulikuwa rangi ya kiini cha yai."

Fundi wa rangi alikimbia kutafuta rangi ya kiini cha yai.

Jioni, nyumbani kwake, alinieleza. Serikali ilitaka hoteli irudi kama zamani, ili mabalozi wa dunia nzima wakija wapate pa kulala. Lakini Wazungu walioijua walikuwa wamekimbia, na katika wafanyakazi wa zamani alibaki yeye na mpishi mmoja, Mwansa, ambaye alikataa kusema lolote.

"Na wewe uliujua ukumbi ule?"

"Ule? Niliingia mara moja tu, kuokota nappe, kitambaa ya meza, yenye ilimwangikia divai. Banifukuza."

"Sasa unabaambia nini?"

"Kile banapenda kusikia." Aliacha kucheka. "Mbuyi, siku nitamaliza kukumbuka, njo siku batanipandisha mu camion pamoja na benzangu."

Kwa hiyo alikumbuka polepole. Wiki moja alikumbuka taa, wiki nyingine mapazia, na mapazia hayo niliyashona mimi, kwani alikumbuka pia kwamba yalishonwa sikuzote na binti kutoka Kamina. Alikumbuka kwamba shuka za hoteli hazikunyooka isipokuwa chini ya pasi ya Mama Kapinga, jirani yake, mjane wa Kasai. Mama Kapinga akapewa kazi, na vijana wenye fimbo waliowawinda watu wetu wakaacha kupita mlangoni pake.

Kumbukumbu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ile ya gavana wa Kibelgiji aliyetumbukiza uso katika supu ya nyanya akilala usingizi wakati wa hotuba yake mwenyewe. Gérant, meneja wa hoteli, aliizungushia kamba nyekundu meza ambayo mujomba alisema ilikuwa ya gavana.

Siku ya karamu ya ufunguzi, viti vya mabalozi vilipangwa mbele. Hakuja balozi hata mmoja. Tulingoja mpaka nyama ikapoa, ndipo mawaziri wakahamia kwenye viti vile, wakapeana mikono na kupongezana kwa niaba ya mataifa ya kigeni. Kisha direkta mmoja wa wizara akasimama na glasi yake.

"Mimi nilikuwapo siku ile ya gavana," alisema. "Nilimwona kwa macho yangu akianguka katika supu ya samaki."

Watu walipiga makofi. Nilimtazama mujomba, nikaona shingo yake imevimba.

"Ya nyanya," alisema.

"Ya samaki, mzee."

"Bwana Direkta, ilikuwa ya nyanya! Nani anajua kuliko mie?"

Nilimvuta koti, lakini alikuwa amekwisha kusimama, akigombania supu ambayo haikupikwa kamwe. Direkta alitabasamu. "Mzee amechoka," alimwambia gérant. "Kumbukumbu zake zimekwisha. Na hoteli nayo imekwisha, sivyo?"

Nilielewa, na mujomba alielewa: camion ilikuwa njiani. Mwansa, yule mpishi, Mubemba ambaye kabila lake halikufukuzwa, alitutoa kupitia jikoni, akatuficha pamoja na Mama Kapinga ndani ya gari la mboga, akatufikisha stesheni.

Ndani ya treni ya kurudi, mujomba alikaa karibu na dirisha. Nilimuuliza kama katika miaka yote ile hakuna hata kitu kimoja anachokikumbuka kweli.

"Kiko," alijibu. "Mwaka ule wa kufukuza batu, vijana baliingia kwa kufulia kunitafuta. Mwansa alinifunika na mashuka machafu, akaikala juu yangu, akakula sahani yake yote ya bukari pole pole. Balimuuliza, akabaambia: ule Muluba alikimbia zamani. Mie chini ya matako yake, sipumui."

"Na hii haukubaambia?"

"Ningebaambia, Mwansa angepanda camion mbele yangu."

Mama alitupokea Kamina kwa kelele na machozi. Katika safari ile nilijifunza kwamba mujomba wangu, ambaye nilidhani hawezi kufunga mdomo, aliufunga mahali palipohitajika. Nami niliufunga wangu miaka mingi. Mwansa amefariki juzi, mzee sana, kitandani pake, wajukuu wamemzunguka. Sasa hadithi hii inaweza kusemwa.