Kete Zilizoangushwa na Treni

Ilianza Ijumaa, saa kumi na nusu alasiri, treni ya mizigo ilipopita nyuma ya nyumba yetu Kilosa na kumwangusha mfalme wangu wa sataranji. Hakuanguka peke yake. Alikwenda na malkia, farasi wote wawili na askari wa mbele, wakatawanyika uani kama punje za mahindi, na jirani akajipiga pajani: "Aa! Nilikuwa nimeshakumaliza, binti!"

Leo nimerudi likizo kutoka shule ya bweni. Nimepita pale ilipokuwa kambi ya wakata mkonge, hata msingi sikuuona. Pamelimwa, pamepandwa mkonge mchanga, mistari imenyooka mpaka karibu na reli. Nilisimama nikanusa harufu ile ya makapi ya mkonge yanayooza, chachu chachu, na Ijumaa ile ikanirudia yote. Basi acha nikusimulie wewe unayenisoma, maana ana kwa ana ningeishia kutazama vidole vyangu vya miguu.

Nilikuwa darasa la sita. Sataranji ile nilipewa na mwalimu wetu wa misheni, naye aliipata kwa mke wa meneja wa shamba, mama huyo alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Ilikuwa ya plastiki, nzuri kwa macho, lakini kete zake zilikuwa wazi ndani, nyepesi kama maganda ya karanga. Bibi, aliyezoea kucheza bao na kugonga kete zisikike mpaka barabarani, alizidharau kabisa. "Mfalme gani huyu anaangushwa na chafya?"

Jirani alikuwa mkata mkonge wa kambi ile, kutoka upande wa Kigoma, sataranji alijifunza jeshini wakati wa vita. Kazi ya panga na miiba ilikuwa imemkakamaza vidole, kwa hiyo akinyoosha mkono kusogeza kete moja aliangusha mbili. Mimi niliyekuwa siwezi hata kumjibu mwenye duka, kwake nilikuwa naongea. Tulicheza tangu mvua za vuli, wala hatukuwahi kumaliza mchezo hata mmoja. Mara upepo, mara treni, mara mkono wake. Kila mara alidai yeye ndiye aliyekuwa anashinda, nami moyoni nilijua ni mimi.

Ijumaa ile, akiokota kete, alisema mkataba wake umeisha. "Keshokutwa napanda treni. Mchezo wetu tutaumalizia ahera."

"Kesho jioni," nikasema, kwa sauti mpaka bibi akachungulia kutoka jikoni. "Kesho jioni hazitaanguka."

"Utazigongomea misumari?"

Senti sikuwa nayo, kwa hiyo nilitafuta uzito wa kuokota. Mto Mkondoa ulikuwa karibu. Nikachota mchanga, nikajaza kete, nikaziba chini kwa ugali wa baridi, kwa sababu kila aliyewahi kuosha sufuria anajua ugali ukikauka hauna tofauti na saruji. Jumamosi asubuhi nikazianika kwenye ungo, nikaenda kuteka maji huku naimba.

Narudi, kuku! Kuku wa bibi walikuwa wameupindua ungo, wanadonoa majeshi yote mawili bila upendeleo. Jogoo alikuwa anakimbia na askari mweusi mdomoni, majike wakimfuata. Nilimkimbiza kuzunguka choo, bibi ameshika mwimo wa mlango, machozi ya kicheko yanamtiririka. "Umewapikia wageni, mjukuu wangu!"

Alipotosheka kucheka aliniletea bonge la nta alilopewa na warina asali wa upande wa Mikumi, alilolitunza la kuzibia nyufa za mitungi. Nikaiyeyusha kwenye kopo, nikaimimina inachemka ndani ya farasi wa kwanza. Farasi akalegea shingo, akainama. Nusura nilie. Kwa wa pili nikawa na subira: nikaiacha nta ipoe mpaka ukingoni ianze kuwa nyeupe, ndipo nikaimimina kidogo kidogo. Mchanga niliukaanga kwanza chunguni, maana ule wenye unyevu ulitoa mapovu. Wakubwa niliwatilia nati zenye kutu nilizookota kando ya reli, askari wakatosheka na mchanga mtupu. Nikawasimamisha wote kichwa chini kwenye sinia la pumba mpaka nta igande.

Ili nisimpendelee mtu, nilifunga mizani ya kijiti, kamba ya katani na vifuniko viwili vya kopo, nikalinganisha mfalme na mfalme, farasi na farasi. Kisha nikapaka nta vuguvugu chini ya kila mmoja na kubandika kipande cha blanketi kuukuu. Nilipomweka malkia ubaoni alitoa mshindo. Du! Bibi akaacha kupepeta mchele wa Tindiga, akamnyanyua, akampima kiganjani.

"Huyu sasa ni mtu."

Jioni jirani alikuja ameoga, amevaa shati lake la safari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona farasi wako kainama?"

"Anakunywa maji."

Tukaanza. Katikati ya mchezo tukaisikia treni, mbali kwanza, halafu hiyo hapo. Tuliacha kupumua. Vikombe vikagongana, taa ya chemli ikayumba kwenye msumari wake, ubao ukanguruma. Kete zilitetemeka palepale zilipo, na hakuna iliyoanguka. Hakuna! Nilipiga yowe, mimi! Jirani akasimama akacheza ngoma ya kwao, hatua chache tu, akaketi.

Halafu akanishinda.

Mkono wake mgumu ulipita juu ya kete zangu bila kuangusha hata moja, ukateremsha ngome mstari mmoja na mfalme wangu. Du! Nikatafuta pa kumkimbizia. Hapakuwepo.

"Siku zote nakwambia," akasema, wala hakunicheka. Bibi ndiye aliyecheka. Nilikuwa na hasira tamu ambayo sijawahi kuionja tena: kumbe hakuwa mwongo.

Sasa kambi haipo, na bibi amerudi milimani juu ya Kidete, hashuki tena kwa sababu ya magoti. Shuleni tuna sataranji ya mbao, nzito, ya dukani. Wenzangu wanaicheza wakipiga soga, na treni ikipita mbali hakuna anayeacha kupumua.

Lakini asubuhi ile baada ya kushindwa, Jumapili, sikwenda kanisani. Nilikwenda stesheni na ubao wangu na kete. Palijaa watu, mikeka, masanduku ya bati, nami nikapenya katikati yao nikisema "Hodi, jamani, hodi!" Jirani aliponiona akalaza sanduku lake kati yetu.

"Unataka kupigwa hata safarini?"

"Cheza, baba."

Wabeba mizigo wakatuzunguka, wakagawana pande. "Binti, mtoe huyo farasi mlevi!" mmoja akapiga kelele, nikamtoa. Safari hii nilimbana. Mfalme wake alikuwa pembeni kabisa, ngome zangu mbili zinamnyemelea, filimbi ya gadi ikalia. Jirani akaunyanyua ubao kwa mikono yote miwili, akanikabidhi kama sinia la chakula, akatwaa sanduku.

"Zamu yangu!" akapaza sauti dirishani. "Usiguse kitu!"

Treni ikaondoka. Nikashuka ngazi za stesheni, nikapita sokoni, nikavuka reli, mikono nimeinyoosha, macho yakiwa ubaoni, mpaka nikafika uani na kete zote zimesimama pale alipoziacha.