Hiyo ni Fifi

Baba yangu alisali haraka kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Kila jioni ya zamu yake, kabla ya kula, alishusha maneno yale yale kwa mpangilio ule ule: wagonjwa, wajane, viongozi wa nchi, mvua. Sisi watoto tulijua kwamba baada ya mvua inakuja Amina, kwa hiyo mvua ilipotajwa tu mikono ilikuwa imeshasogea kwenye bakuli la ugali. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na hakuna aliyemlaumu, maana kanisa zima lilisali hivyo.

Taabu ilikuwa jioni za mama. Mama alianza vizuri, akifika katikati ananyamaza. Halafu anasema, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, "Hapana. Hiyo ni fifi." Na anaanza upya kutoka mwanzo.

Kwetu, upande wa Sapiwi, fifi halikuwa neno la kanisani. Pamba ikitoka shambani huchambuliwa mafungu mawili: safi, ile nyeupe, na fifi, iliyoingia madoa, iliyoharibiwa na wadudu, yenye majani makavu ndani. Enzi za ushirika, karani wa chama cha msingi alizamisha mkono wake hadi chini ya gunia, na akikuta fifi ndani ya safi unarudi na mzigo wako nyumbani mchana kweupe, watu wakikuona. Mama alilichukua neno hilo akalipeleka kwa Mungu. Sala iliyotoka mdomoni huku moyo ukiwaza kama kuku wameingia bandani ilikuwa fifi, na hakuona kwa nini Mungu apokee kitu ambacho karani angekirudisha. Sisi tuliona tu ugali unapoa. Leo nikiwaza nilikaa karibu na mtu wa namna gani, na mimi nimenuna kwa sababu ya mlenda unaopoa, nacheka mwenyewe.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi wa binafsi walifika na malori na mizani zao, wakigombania pamba, na mwenye haraka ya kujaza lori hana muda wa kuzamisha mkono. Safi na fifi zikawa bei moja. Watu wakaacha kuchambua, na walipoona hakuna anayeuliza, wakaanza kunyunyizia maji ili gunia liwe zito. Wengine walitia mchanga. Hao hao Jumapili waliimba mpaka bati linatikisika.

Msimu mmoja mama alikwenda msibani Zagayu. Aliacha mafungu yake mawili ndani, ameyachambua kwa mikono yake. Aliporudi chumba kilikuwa kitupu.

"Pamba iko wapi?" aliuliza.

"Nimeuza," baba alisema.

"Na fifi?"

"Imeingia humo humo. Na maji kidogo, kama wenzetu. Mama, sasa ni biashara huria."

Alikuwa amemnunulia kitenge kizuri sana. Mama alikishukuru, akakikunja, akakiweka sandukuni. Akamwambia baba aende akamweleze mnunuzi. Baba alicheka, na mama hakurudia.

Mchungaji alikuja kutoka Bariadi mjini kutuandalia meza ya Bwana. Desturi ilikuwa aulize kwanza, "Mmepatana na Mungu na jirani zenu?" na kanisa lote linajibu, "Tumepatana!" Tulijibu kwa nguvu, hata waliokuwa wanagombania mpaka wa shamba. Wanawake wakasimama mstari kwa mstari kwenda mbele. Mama hakusimama. Wenzake walipita wakiruka magoti yake, na baba, aliyekuwa mbele ameshika sinia la mkate, alimwona.

Kwetu mtu akibaki kwenye benchi siku hiyo, watu hawadhani ana kiu ya utakatifu. Wanajua ametenda jambo. Kufikia Jumanne, kwa maneno ya waliochota maji lamboni, mama alikuwa ameshakwenda kwa mganga, na kwa wengine alikuwa na mwanamume Zagayu. Wazee wa kanisa wakamwita. Niliketi nje ya dirisha nikichambua mchicha, nikasikia kila neno.

"Mayu, mama yetu, tuambie ni nini," mmoja alimwambia kwa upole.

"Kuna kitu nyumbani kwangu hakijakaa sawa. Nimekilima, nimekila. Siwezi kusema nimepatana."

"Kitu gani?"

"Hicho nitamwambia Mungu."

Walimpa muda. Kama mpaka mchungaji atakaporudi hajasema, jina lake litasomwa mbele ya kanisa na atatengwa. Baba alikuwa mmoja wa wazee hao waliokaa pale. Sikusikia sauti yake hata mara moja. Nilimchukia siku ile, nasema wazi, na mama nilimpenda mpaka kifua kikauma. Neno moja tu lingemtoa yeye hatiani na kumwingiza mumewe, na hakulisema. Jioni alimwekea baba maji ya kuoga kama kawaida, bila kununa. Kununa, nadhani, kwake kungekuwa fifi pia.

Mchungaji alirudi. Aliuliza swali lake, na kanisa likajibu, "Tumepatana!" Mama akabaki ameketi, mikono mapajani. Mwinjilisti wa kanisa letu alikuwa ameshasimama na kijikaratasi chenye jina la mama. Hapo baba akaweka sinia mezani. Akatembea, akavuka njia ya katikati, akaingia upande wa wanawake, mahali ambapo sijawahi kuona mwanamume mzima akiketi.

"Kitu hicho ni changu," alisema. "Nilitia maji kwenye pamba. Yeye hakuwepo."

Mama alisogea akampa nafasi. Wakabaki wawili kwenye benchi, wengine wakienda mezani. Nilidhani wangekwenda wengi. Walikwenda wachache, na wengine waliokuwa wameshafika mbele walirudi wakakaa, macho chini.

Kesho yake baba alikwenda kwa mnunuzi kukiri. Yule bwana alimcheka, akamwambia pamba ile imeshafika kiwandani na kwamba yake ilikuwa na nafuu kuliko za wengine. Baba alirudi amenyong'onyea. Jioni ilikuwa zamu yake ya kusali. Akashusha wagonjwa, wajane, viongozi wa nchi. Alipofika kwenye mvua tukasogeza mikono.

Akanyamaza.

"Hapana," alisema. "Hiyo ni fifi."

Akaanza upya, polepole, akitafuta maneno. Ugali ulipoa wote, na mikono yetu tukairudisha mapajani.