Mwenye Duka la Kufulia

Mwenye duka la kufulia hukagua kila kola kwa kidole gumba, macho yakiwa kwingine, kama mama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa. Vidole vyake vimechujuka kwa sabuni, na husema kwa sauti ya chini hata anapotania. Wanawake wanne anaogawana nao mapato walikuwa, kama yeye, wakifua kwenye majumba ya watu. Siku hizi majumba ndiyo yanayoleta nguo kwao. Asubuhi moja aliingia bibi mmoja, mwajiri wake wa zamani, amebeba mapazia. Mwenye duka akaruka kutoka kitini. “Shikamoo, mama!” Akapokea furushi kwa mikono miwili, akampangusia kiti, kisha akataja bei.

“Hata mimi, mwanangu? Si nilikulea?”

Wenzake wakaacha kupiga pasi. Mwenye duka akaukunjua upindo wa pazia, akaukunja tena.

“Ulinilea, mama, sikatai. Lakini kazi hii inainjika sufuria tano.”

Bibi akafungua mkoba, akalipa bei ileile. Mwenye duka alizipokea pesa akiwa bado amesimama, miguu pamoja, kama anayesubiri kutumwa.